Baiskeli za Isevya katika Njia ya Wapagazi

Tabora haikuzaliwa ndani ya ukuta mmoja, wala hakuna mtu mmoja awezaye kutajwa kuwa ndiye aliyeijenga. Tangu wafanyabiashara wa Kiarabu kutoka Unguja na Omani walipoanza kuweka vituo vyao katika nchi ya Unyanyembe, yapata katikati ya karne ya 19, kwa idhini ya watemi wa nchi hiyo, kila tajiri alichagua mahali pake mwenyewe, akajenga tembe lake lenye paa la udongo na baraza ya kupokea wageni, akapanda miembe na michungwa, akazungukwa na watu wake na mashamba yake. Na baina ya tembe hili na lile pakabaki uwanda wa mtama na vichaka, ambao kila mwenye haja kwa jirani yake alilazimika kuuvuka kwa miguu juani. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyewasili Kazeh, kama Tabora ilivyojulikana wakati ule, pamoja na John Speke tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 za safari kutoka pwani, alistaajabu kuona ya kuwa mahali palipotajwa kwa fahari katika baraza za Unguja hapakuwa na mji kwa maana aliyoizoea, ila majumba yaliyotawanyika, na mwenyeji wake Snay bin Amir akiwa katika mojawapo. Mtawanyiko huo haukutoweka Wajerumani walipokuja, wala Waingereza walipokuja baada yao. Hata leo mtu anayekaa katika mtaa wa Isevya na kufanya kazi stesheni, au bomani, au katika hospitali ya Kitete, au katika mojawapo ya shule kubwa za mji huo, ana mwendo wa kwenda kila siku ambao kwa miguu ni mrefu wa kuchosha, na kwa motokaa ni mfupi kiasi cha kuonekana kuwa ni ubadhirifu.

Mji wa namna hiyo ulikuwa ukingoja baiskeli kabla baiskeli haijabuniwa. Nasema hivyo kwa kuwa katika safari ya asubuhi ya mfanyakazi wa Isevya, ambayo wapitao wengi huiona kuwa ni jambo la kawaida lisilostahili kuandikwa, naona kilele cha habari ndefu ya nchi hii: namna watu waliokuwa maarufu kuliko wote katika Afrika Mashariki kwa kubeba mizigo ya wengine mwendo wa miezi walivyopata kuwa na safari yao wenyewe, inayoanza baada ya alfajiri na kukoma kabla ya magharibi, na ndani yake mna raha ambazo babu zao hawakuzijua.

Ili raha hizo zipimwe kwa haki, hatuna budi kukumbuka ilivyokuwa safari katika zama za misafara. Wanyamwezi, wenyeji wa nchi hii, walikwenda pwani kwa hiari yao hata kabla Waarabu hawajaingia bara, wakipeleka pembe za ndovu na majembe, na biashara ilipokua wakawa ndio wapagazi walioajiriwa zaidi ya wote katika njia ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Mzigo wa mpagazi ulikadiriwa kwa frasila, na frasila ni ratili 35. Mzigo wa frasila mbili ulikuwa jambo la kawaida, na juu ya huo mtu aliongeza mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Walitoka baada ya mavuno, nchi ilipokauka, wakafuata nyuma ya kiongozi wa msafara na ngoma yake, mmoja nyuma ya mmoja, katika njia nyembamba iliyopinda kila mti ulipoanguka na isiyonyooka tena hata mti ule ukiisha kuoza. Na wengi walijitahidi kurejea kabla ya mvua za kupandia. Kijana aliyekuwa hajaiona pwani alihesabiwa kuwa hajawa mwanamume kamili. Utani uliopo hata sasa baina ya Wanyamwezi na Wazaramo, na baina yao na makabila mengine ya njiani, aghalabu husimuliwa kuwa ulitokana na misafara hiyo, watu walipohitaji kulala katika vijiji vya wageni na kuzikana wakifiwa ugenini.

Lakini si kila aliyepita katika njia ile alipita kwa hiari. Katika njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa, minyororo na panda zikiwa shingoni, na miembe ambayo leo inatupa kivuli katika sehemu nyingi za Tabora ilipandwa na mikono ya watu ambao hawakuulizwa kama wanataka kuipanda. Mtu anayeandika juu ya furaha ya njia hii akalificha jambo hilo atakuwa amewadhulumu waliokufa, nami sitaki kuwa katika kundi hilo. Hata kwa mpagazi aliyekuwa huru, mwenye ujira wa nguo na posho ya kibaba, njia yenyewe ndiyo iliyokuwa kazi. Hakuwa na mahali pa kufika asubuhi na kuondoka jioni. Tangu alipojitwika mzigo hadi alipoutua miezi kadhaa baadaye alikuwa kazini, usiku na mchana, na mke wake hakujua kama atarejea.

Sababu ya binadamu kutumika badala ya mnyama ilikuwa ni mbung'o. Misitu ya miombo inayoizunguka Tabora pande zote ni makazi ya mdudu huyo, ambaye humwambukiza ng'ombe, farasi na punda maradhi ya kuwakondesha hata wakafa, na humwambukiza mwanadamu malale. Punda wa Burton walikufa mmoja baada ya mwingine. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alipowaza kwamba labda ndovu waliofugwa watafaulu mahali ambapo punda wameshindwa, walishushwa Msasani mwaka 1879 ndovu wanne kutoka Bara Hindi ili wapelekwe Karema kando ya Ziwa Tanganyika, na mpango huo nao ukaishia katika hasara na vifo. Kwa hiyo kichwa cha Mnyamwezi kikaendelea kubeba ushanga, nguo, bunduki na pembe, si kwa kuwa watu hawakujua gurudumu, ila kwa kuwa hapakuwa na mnyama wa kulivuta. Baiskeli ilipokuja, nchi hii ilipata kwa mara ya kwanza mnyama asiyeumwa na mbung'o.

Kabla ya kuja kwake, hata hivyo, ilibidi ije kwanza kazi ya kwenda na kurudi. Wajerumani waliivunja himaya ya Unyanyembe mwezi Januari 1893, wakati Mtemi Isike, ngome yake ilipokwisha kuzidiwa, alipowasha baruti ili asichukuliwe mateka. Kisha wakajenga boma, wakaleta karani, kodi na saa ya ukutani. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na kwa muda wa miaka michache tu misafara iliyokuwa ikiondoka Bagamoyo kwa maelfu ya watu ikawa ni hadithi ya wazee. Gari la moshi lilichukua kwa siku mbili tatu safari ya miezi mitatu, likawanyang'anya wapagazi riziki yao, na wakati huo huo likaanzisha riziki ya namna nyingine: karakana, stesheni, ghala, nyumba ya ishara, gengi la kutazama njia. Katika karakana hiyo ya reli ya Tabora ndimo zilimogongwa mwaka 1916 sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya ndovu, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na vita na hawana njia ya kupata fedha kutoka kwao. Na tarehe 19 Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yakaingia mjini. Waingereza walipoupokea utawala, wakaongeza shule ya serikali katika miaka ya 1920, ambamo baadaye alisoma Julius Nyerere, na mwaka 1928 tawi la reli likafika Mwanza, hata Tabora ikawa njia panda ya magari ya moshi kama ilivyokuwa zamani njia panda ya misafara.

Kutokana na hayo ikatokea aina ya mtu ambaye hakuwapo zamani: mtu mwenye mshahara wa mwezi, mwenye mlango wa kuingia kazini saa iliyotajwa na kutoka saa iliyotajwa, ambaye usiku hulala kwake. Karani wa posta, tarishi wa bomani, mwalimu, mpimaji wa dawa, fundi wa karakana, mpiga chapa wa misheni ya Kipalapala. Hao ndio waliohitaji, kwa mara ya kwanza, chombo cha safari fupi.

Chombo kilikwisha kuwapo Ulaya. John Kemp Starley wa Coventry alitoa mwaka 1885 baiskeli ya magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana, yenye cheni ya kuzungusha gurudumu la nyuma, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, tabibu wa mifugo aliyekuwa akikaa Belfast, akatengeneza tairi la mpira lenye upepo ndani. Bila ya tairi hilo la Dunlop, baiskeli ingebaki kuwa anasa ya watu wa barabara za mawe yaliyopangwa. Kwalo iliweza kupita juu ya mchanga, mizizi na nyufa za udongo uliokauka. Wamisionari na maofisa ndio waliotangulia kuipanda katika nchi hizi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakafuata walimu na makarani, na katika miaka ya 1940 na 1950 mkulima aliyeuza karanga, asali au nta, na baadaye tumbaku, naye akaweza kuingia katika duka la Mhindi akatoka ameshika usukani. Majina yaliyoandikwa juu ya fremu zile, Raleigh, Phillips, Hercules, BSA, yalijulikana kwa watu wasiojua kusoma jina lingine lolote, na ubishi juu ya ipi iliyo imara zaidi uliendelea barazani hadi taa zikazimwa.

Ni jambo la kuzingatia kwamba baiskeli haikudai barabara mpya. Motokaa ilidai daraja, kifusi, na watu wa kukata miti kwa kazi ya lazima. Reli ilidai tuta na vyuma kutoka ng'ambo. Baiskeli iliingia katika njia ile ile iliyokanyagwa na nyayo za wapagazi, yenye upana wa mtu mmoja, ikaiona kuwa inatosha. Uwanda wa Unyamwezi, ambao u juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,200 na ambao kwa sehemu kubwa hauna milima ya kumkatisha mtu tamaa, ulikuwa kana kwamba umesawazishwa kwa ajili yake. Mkulima wa kijiji cha mbali akapakia magunia mawili juu ya keria, mzigo ambao ungewashinda wapagazi wawili, akausukuma mahali penye mchanga na kuupanda mahali pagumu, akafika sokoni Tabora, akauza, akarejea. Nadhani hakuna ukombozi wa shingo ya Mnyamwezi uliokuwa mkubwa kuliko huo, wala uliokuja kwa ukimya zaidi.

Serikali, kama ilivyo desturi ya serikali, haikukawia kuona kwamba chombo hiki kinaweza kutozwa kitu. Mwenye baiskeli alilipa leseni, akapewa kibati cha kufunga, na askari alikuwa na haki ya kumsimamisha akaangalia kibati, kengele, breki na taa. Katika njia zilizopita penye mbung'o palikuwa na vizuizi, na mlinzi mwenye wavu mdogo alimsimamisha mpanda baiskeli, akamzunguka, akamtazama mgongoni, akatazama chini ya kiti na nyuma ya mzigo, kwa kuwa mdudu yule hupenda kufuata kitu kinachokwenda, na kwa njia hiyo angeweza kuchukuliwa kutoka msituni hadi penye mifugo na watu. Wasafiri wengi walinung'unika kwa kucheleweshwa. Mimi nauona ukaguzi ule kuwa ni miongoni mwa mambo machache ya utawala wa kigeni yaliyokuwa na maana kwa mwenye nchi.

Sasa na tuitazame safari yenyewe. Mtu wa Isevya anayekwenda kazini kwa baiskeli huamka kabla ya jua, na jambo la kwanza, akiisha kusali na kunawa, ni kuitoa baiskeli ndani, kwa maana baiskeli ya mtu mwangalifu hulala ndani ya nyumba. Huifuta kwa kitambaa kuanzia usukani hadi madigadi, huminya tairi kwa kidole gumba kujua kama upepo umepungua usiku, hutia tone la mafuta kwenye cheni. Hunywa chai kwa muhogo au kwa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, chakula ambacho kilikuwamo katika mifuko ya wasafiri wa nchi hii tangu zamani. Hukunja mguu wa kulia wa suruali au kuubana kwa kibanio, ili usishikwe na cheni. Kisha huisukuma hatua chache, huweka mguu juu ya pedali, huruka, na tayari yumo safarini.

Wakati wa kipupwe, miezi ya Juni na Julai, hewa ya asubuhi ya Tabora ni kali kuliko wageni wa pwani wanavyotazamia, na masikio huuma kabla damu haijachemka. Lakini kabla ya kufika nusu ya njia mwili umekwisha kupata moto wake wenyewe, na mtu huhisi siha inamwenea miguuni na kifuani bila ya kuitafuta. Miembe huchanua baada ya hapo, na harufu ya maua yake huwa nzito mahali ambapo miti imesimama pande mbili za barabara. Ikifika Novemba mvua za kwanza huulaza mchanga, njia hushikamana, magurudumu hukimbia kwa sauti laini, na maembe yaliyoiva huanguka usiku yakawangoja watoto wa shule. Mwenye motokaa hupita katika mambo hayo yote akiwa amefunga kioo. Mwenda kwa miguu huyaona, lakini kwa uchovu wa mwendo. Mpanda baiskeli hupata yote pamoja, wepesi wa kufika na wasaa wa kuona.

Hupata pia watu. Njia nzima ni maamkizi: shikamoo, marahaba, mwangaluka, habari za watoto, na mengine yanayosemwa kwa kengele tu mara mbili kwa aliye mbali. Desturi ya zamani, ambayo wazee wa Isevya waliishika kwa nguvu, ilikuwa kwamba kijana akikutana na mzee wa heshima haamkii akiwa juu ya baiskeli. Hushuka, huishika kwa mkono wa kushoto, huinama kidogo, husema shikamoo, hungoja marahaba, ndipo hupanda tena. Kijana mwenye haraka aliyepita akiamkia kwa mdomo tu, habari zake zilifika nyumbani kwao kabla yake. Desturi hii imepungua, nami naihuzunikia, kwa sababu iliufunga mwendo wa chombo kipya katika adabu ya watu wa kale, ikahakikisha kwamba mshahara na gurudumu havimpandishi mtu juu ya baba yake.

Wawili wanaokwenda sehemu moja hupanda bega kwa bega njia ikiruhusu, na mengi ya mji hujulikana hapo: nani amehamishiwa Mpanda, mazishi ni saa ngapi, gari la moshi la Kigoma limechelewa kwa sababu gani. Jioni, keria iliyokwenda tupu asubuhi hurejea na kitu. Mmoja amefunga mkungu wa ndizi zilizokuja kwa treni, mwingine kifurushi cha dagaa wa Kigoma au migebuka mikavu, mwingine chupa ya asali ya miombo aliyoinunua kwa mtu wa kijijini, na mtoto anayekimbia kumlaki baba yake hudai hatua zilizobaki akalie fremu. Giza likimkuta mpandaji njiani, dinamo hubanwa kwenye ubavu wa tairi, ikaanza kulia kwa sauti nyembamba, na taa ikang'aa kadiri miguu inavyokaza. Akipunguza mwendo njia hufifia.

Katika utaratibu huu wote yupo mtu mmoja ambaye bila yeye safari hiyo isingekuwapo, naye ni fundi wa chini ya mwembe. Duka lake ni kivuli. Vyombo vyake ni spana chache, nyundo, bomba la upepo, karai la maji, na kopo la goroli alizozikusanya moja moja kutoka katika baiskeli zilizokufa. Ukimletea pancha, huipindua baiskeli ikasimama kwa kiti na usukani, huingiza mipini miwili ya vijiko chini ya mdomo wa tairi, huutoa mpira wa ndani, huutia upepo na kuuzamisha katika karai sehemu baada ya sehemu, akiuzungusha polepole hadi mapovu yatoke. Huweka kidole juu ya tundu, hukausha, hukwaruza mahali pale kwa kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari, hupaka solusheni, na wakati solusheni inakauka hafanyi pupa ya kubandika. Hiyo ndiyo tofauti ya fundi na mjaribu. Katika kungoja huko huingiza vidole ndani ya tairi na kupapasa mzunguko mzima taratibu, akitafuta mwiba uliosababisha, kwa kuwa anajua kwamba mwiba wa mgunga hubaki ndani ya tairi, na mtu asiyeutoa atarejea kwake kabla ya adhuhuri. Akiupata, humwonyesha mwenyewe katika kiganja, ndipo hubandika kiraka alichokikata katika mpira wa zamani. Rimu iliyopinda huinyoosha kwa kukaza spoki hii na kulegeza ile, jicho lake likiwa kwenye nafasi ndogo iliyopo baina ya rimu na foku, na gurudumu likizunguka hadi litulie. Elimu hiyo haikufundishwa katika shule yoyote ya Tabora, ingawa mji huo una shule za fahari. Ilitoka kwa fundi kwenda kwa kijana aliyekaa karibu naye akimpa spana.

Wanawake walichelewa kuipata raha hii kama wapandaji, ingawa waliipata mapema kama abiria, wameketi upande juu ya keria na mtoto mgongoni, wakipelekwa kliniki au kwao. Wauguzi na walimu wa kike walitangulia kupanda wenyewe, juu ya baiskeli zilizoinamishwa chuma cha mbele ili vazi lisizuiwe. Waliotazamwa sana mwanzoni baadaye hawakutazamwa, na hivyo ndivyo mambo mengi ya haki yanavyoshinda.

Katika miaka ya harakati za uhuru, habari za chama zilifika vijijini kwa magurudumu haya haya. Mkutano wa chama hicho, TANU, uliofanyika Tabora mwezi Januari 1958, ambao uliamua kushiriki katika uchaguzi wa kura tatu licha ya chuki ya wajumbe wengi kwa masharti yake, maamuzi yake hayakungoja gazeti lifike. Kulikuwa na makatibu wa matawi waliokuwa hawana chombo kingine isipokuwa baiskeli na kiu ya kusema.

Baada ya uhuru baiskeli ilikuwa ndiyo mali ya kwanza ambayo kijana wa mshahara alitamani, na serikali ikaanzisha Dar es Salaam shirika la kuunda baiskeli, NABICO, ili nchi isitegemee viwanda vya watu. Halafu ikaja dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zikaadimika, na pamoja nazo tairi, mpira wa ndani na cheni. Tairi jipya lilipatikana kwa kibali, na kibali kilipatikana kwa kujuana. Watu walishona tairi zilizochanika kwa uzi wa katani, na mahali ambapo mpira wa ndani haukupatikana kabisa walijaza nyasi au matambara ndani ya tairi wakapanda hivyo hivyo, wakihisi kila jiwe uti wa mgongoni. Fundi wa chini ya mwembe alikuwa mtu mkubwa katika miaka hiyo. Biashara ilipofunguliwa katika zama za Rais Ali Hassan Mwinyi, zikaingia kwa wingi baiskeli za China na za India, Phoenix na Avon zikiwa mbele, nzito, nyeusi, zenye keria ya kubeba gunia, na wengi wakapata tena miguu yao.

Kutokana na wingi huo ikazuka riziki mpya katika miji ya magharibi: Shinyanga, Kahama na Tabora, vijana wakaweka mito laini juu ya keria, wakachukua abiria kwa nauli ndogo, na watu wakaziita baiskeli hizo daladala. Kizazi cha wapagazi kikarudi kubeba, ila safari hii kwa mwendo wa dakika chache na kwa bei iliyokubaliwa na pande mbili. Kisha, mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, pikipiki za bei nafuu zikaingia, bodaboda zikajaa kila njia panda, na daladala za baiskeli zikasukumwa pembeni. Siwalaumu vijana walioziacha. Kumpandisha mtu mzima mchangani saa ya jua la utosi ni kazi ngumu, na asiyeifanya asimcheke aliyeichoka.

Lakini mtu anayejipeleka mwenyewe kazini ana hesabu nyingine. Bodaboda humdai asubuhi na jioni, na petroli ikipanda bei nauli hupanda nayo. Baiskeli humdai kiraka mara moja moja na tairi baada ya miezi mingi. Kwa hiyo mlinzi, mpishi wa shule, fundi mwashi na mwalimu wa shule ya msingi bado wanatoka Isevya asubuhi kwa kukanyaga, na fundi wa chini ya mwembe, ambaye sasa hubadilisha pia oili za pikipiki, bado ana karai lake la maji. Kinachowatisha watu hao siku hizi ni barabara yenyewe. Lami imefika, nayo ni neema kwa mkulima na kwa mgonjwa. Ila pembeni mwa lami mahali pengi pameachwa ukingo wa kifusi uliochimbwa na mvua, na mpanda baiskeli anayepigiwa honi kwa nyuma hana pa kuponea isipokuwa mtaroni. Njia ya wapagazi ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa yao. Wahandisi wanaochora barabara za manispaa hii wanaweza kuwaachia wapanda baiskeli mita moja na nusu ya ardhi ngumu kila upande, na kwa mji ulioinuliwa na miguu ya watu wake tangu siku za Kazeh, dai hilo si kubwa.